Maswali ya wasomaji: Aliyegongwa na treni, faili lake liandikweje?

Treni ya abiria ilirejea Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020, kwenye reli iliyokaa kimya kwa miaka mingi. Barua tulizochagua safari hii zinatoka kwa watu wanaopokea majeruhi wa reli na kutunza mafaili yao. Misimbo yote hapa ni ya ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa na majeraha ya Shirika la Afya Duniani.

"RTA, kagongwa na treni, majeraha mengi." Faili likija hivyo naweka V05.9 na T07. Mkuu wangu anakataa, ila haniambii sababu.
*Mtunza kumbukumbu za wagonjwa, Moshi*

Mkuu wako yuko sahihi, ingawa kosa halikuanzia mezani kwako. V05 ni ya mtembea kwa miguu aliyegongwa na treni au chombo chochote cha reli, kiberenge kikiwemo. Tarakimu inayofuata inauliza mahali. Akigongwa pale barabara ya umma inapokatiza reli, ni V05.1. Akigongwa akitembea juu ya mataruma, akipita njia ya mkato au akiwa ndani ya yadi ya stesheni, mbali na barabara, ni V05.0. V05.9 inabaki kwa faili ambalo halisemi chochote kuhusu mahali, na faili la namna hiyo lirudishwe kwa aliyeliandika mgonjwa angali wadini. Usibahatishe.

Neno "RTA" nalo lifutwe hapo. Ni ajali ya barabarani, na mgonjwa wa reli akiandikwa hivyo ataishia kuhesabiwa pamoja na wa bodaboda, kisha hakuna atakayejua ni wangapi wanaumia relini.

T07 maana yake ni majeraha mengi yasiyotajwa, wakati yako yametajwa: soma ripoti ya eksirei na maelezo ya upasuaji, kila jeraha lipate msimbo wake, lililo zito kuliko yote litangulie. V05 inafuata nyuma. Kwa mgonjwa aliye hai haisimami peke yake, kwa sababu inaeleza kilichomuumiza, haielezi alivyoumia.

Tahadhari moja: ukitafuta kwenye intaneti utakutana na V05.10XA. Hiyo ni ya Marekani, wao wameongeza herufi za ziada. Orodha yetu inaishia V05.1.

Na hii ndiyo sentensi tunayoomba ibandikwe ukutani pale mapokezi ya dharura: "Mwanamume, miaka 34, akivuka reli kwa miguu kwenye makutano ya barabara, amegongwa na kichwa cha treni ya mizigo saa 12:40 asubuhi, ameletwa na bajaji saa 1:15, maelezo ni ya dereva wa bajaji." Alikuwa anafanya nini, wapi, kimemgonga nini, saa ngapi, nani kasema. Kuiandika ni kazi ya dakika moja, na baada ya wiki mbili hakuna atakayeweza kuirudisha.

Shikamooni. Mgonjwa alisagwa mguu wa kushoto chini ya goti, tukamkata mguu baada ya saa tatu. Mwenzangu kaandika "mguu umekatika ajalini" na kuweka S88. Ni sawa?
*Ofisa tabibu, Arusha*

Marahaba. Si sawa, na Kiswahili chenyewe kinatusaidia: *kukatika* si *kukatwa*. S88 ni ya mguu uliokatika pale pale relini. Uliokatika kati ya goti na kifundo ni S88.1, kwenye goti lenyewe S88.0, na paja ni S78.1. Miguu yote miwili ikikatika, tumia T05.5. Mguu wa mgonjwa wenu ulifika hospitali ukiwa umesagwa, kwa hiyo ni S87.8, na kama mfupa wa muundi ulivunjika ukatokeza nje ongeza S82.21. Kukatwa kulifanywa na daktari wa upasuaji, basi kuandikwe kama tiba mliyotoa. Mkiandika S88, mtu atakayesoma faili atadhani hapakuwa na mguu wa kuokoa, na uamuzi mzito mliofanya mle ndani utakuwa hauonekani.

Ikiwa mguu ulining'inia kwa ngozi, andika hivyo hivyo: umeshikiliwa na nini, vidole vya rangi gani, vya moto au vya baridi. Pima kwa futi ya fundi cherehani: "sm 11 chini ya goti" ni bora kuliko "chini ya goti". Andika kushoto au kulia kila mahali, maana misimbo hii haina upande. Faili likinyamaza, upande umepotea.

Visisahaulike: saa mkanda wa kuzuia damu ulipofungwa na ulipofunguliwa, alama ya fahamu (GCS, 3 hadi 15), chanjo ya pepopunda, na mkojo wa kila saa kwa mililita pamoja na rangi yake. Msuli uliosagwa humwaga sumu inayoziba figo. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni ishara ya hatari, na figo zikigoma kwa sababu hiyo msimbo ni T79.5.

Akirudi kliniki miezi ijayo, msirudie S87. Mguu uliokwisha kuondolewa chini ya goti ni Z89.5, masalia ya jeraha T93.6, na chanzo Y85.9. Akienda Moshi kupimwa mguu bandia, ni Z44.1.

Mwenye bodaboda kagongwa na treni, naye ni V05?
*Muuguzi, Moshi*

Akiwa ameipanda, ni V25. Akiwa ameshuka anaisukuma, ni mtembea kwa miguu, V05, sawa na msukuma mkokoteni. Baiskeli ni V15. Aliyeanguka kutoka ndani ya treni ni V81.6.

Mgonjwa amefariki. Ndugu wanataka iandikwe "kupoteza damu" tu. Polisi wanasema huenda alijirusha, alikuwa amelewa.
*Daktari, Arusha*

Pole kwa msiba huo, na wape ndugu pole zetu. Kwenye hati ya kifo, mstari wa juu unaweza kuwa mshtuko wa kupoteza damu, unaofuata ni jeraha lenyewe, na wa chini kabisa ni "mtembea kwa miguu kugongwa na treni". Kwenye takwimu za vifo huo wa chini ndio unaohesabiwa. Ukiuacha, kifo cha relini hakitaonekana popote.

"Huenda" haitoshi kuweka X81, yaani kujidhuru kwa makusudi, wala Y02, yaani kusukumwa. Pasipo ushahidi ni ajali, V05. Uchunguzi ukifanyika usijue ni lipi, ni Y31. Kuhusu pombe, andika ulichokiona ("ananuka pombe, ulimi mzito") au kipimo cha damu: Y91 kwa dalili, Y90 kwa kipimo. Walichosema polisi kiandikwe kuwa ni kauli ya polisi. Na kwa kuwa PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, huondoka nao, nakili namba yake kwenye faili kabla hujaikabidhi.