Gurudumu la nyuma linacheza hata likikazwa: badili beringi, habu usiitupe

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Baiskeli ya mlima ya mtumba, breki za diski, ekseli nene ya kuchomoa. Gurudumu la nyuma linacheza kushoto na kulia; fundi alikaza likatulia siku mbili, akakaza tena na sasa linazunguka kizito na bado linacheza. Mwisho kakwambia ununue gurudumu zima. Usinunue kwanza. Kwa maelezo hayo habu yako, yaani kitovu cha gurudumu, inaelekea ni nzima, kilichokufa ni beringi zilizomo ndani yake, na hizo unaweza kubadili mwenyewe hapo barazani kwako.

Fundi wako simlaumu. Tanga ni mji wa baiskeli, na nyingi tulizokua nazo ni za gololi huru zinazobanwa na koni, nati zenye umbo la pia: nyuma gololi 9 kila upande, mbele 10 ndogo zaidi kila upande. Zikicheza unakaza koni, mchezo unakwisha. Mafundi wetu wa Ngamiani wanaifanya kazi hiyo bila hata kuangalia. Lakini habu ya ekseli nene kama yako kwa kawaida haina koni, ina beringi nzima nzima, gololi zikiwa zimefungiwa kati ya pete ya ndani na pete ya nje, kama za pikipiki ila nyembamba. Hizo zikishaliwa hakuna cha kukaza. Ukilazimisha unazibana kwa ubavu, gololi zinajikamua ndani ya njia yake, ule mfereji zinamopita, na ndiyo maana gurudumu likawa zito.

Hakikisha kwanza ugonjwa uko wapi. Pindua baiskeli, shika rimu karibu na fremu, isukume huku na huku. Rimu ikicheza yote, ni beringi za habu. Rimu ikitulia lakini meno ya gia peke yake yakayumba, tatizo liko kwenye friwili, kile kipande kinachobeba gia, ambacho kina beringi zake. Kisha chomoa gurudumu, tia kidole kwenye tundu la ekseli ya habu, lile bomba linalobaki ndani ukishachomoa ekseli nene, uzungushe polepole. Beringi nzima huisikii kabisa. Iliyokufa inakwaruza, au inakwenda kwa vituo vituo kama inajikwaa.

Sasa kufungua. Toa diski kwanza, skrubu zake kwa kawaida ni 6 za nyota, bisibisi ya T25. Ifunge kwenye gazeti safi uiweke mbali, maana tone moja la grisi likifika pale breki zitalia na kuteleza, na pedi zikishanywa mafuta ni vigumu kuziokoa. Toa na gia ili upate nafasi. Vifuniko vya pembeni vya habu vingine huchomoka kwa mkono, vingine vina uzi kama wa skrubu, unatia alenki (ufunguo wa pembe sita) kila upande na kufungua. Ekseli hiyo ya habu igonge kwa nyundo ya mpira kutoka upande mmoja. Mara nyingi itatoka na beringi ya upande wa pili ikiwa imeishikilia. Iliyobaki isukume kutoka ndani kwa kipande cha nondo kilicholainishwa ncha kwa tupa, ukigonga pande tofauti kwa zamu: juu, chini, kulia, kushoto, kidogo kidogo. Ukigonga sehemu moja tu itakwenda mshazari na kukwaruza nyumba yake, yaani tundu la habu inamokaa, na ile nyumba ni aluminiamu, haina ubishi mbele ya chuma. Ikigoma, mwagia habu maji yaliyochemka. Aluminiamu hupanuka upesi kuliko chuma cha beringi, nayo itaachia.

Ukishaitoa iangalie vizuri. Yangu ya kwanza niliifungua mpira wake wa pembeni unaozuia maji kwa ncha ya sindano, nikakuta grisi imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hayo ni maji yaliyochanganyika na grisi. Chini yake gololi zilikuwa na madoa ya kutu, na njia yake ina vishimo kama ngozi ya ndimu. Nilikuwa na mtindo wa kwenda Tongoni kwa njia za pwani, na maji yakipwa napita kwenye mchanga mgumu, maji ya chumvi yakinifika nusu ya gurudumu. Nikirudi naiegesha hivyo hivyo hadi kesho. Chumvi haihitaji zaidi ya hapo.

Kabla hujaenda dukani, isome. Kwenye mpira au pembeni ya pete kuna namba. Tuseme ni 6902 2RS. Tarakimu mbili za mwisho ni tundu la ndani: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5. Tarakimu ya pili ndiyo unene: 8 na 9 ni nyembamba, 0 ya wastani, 2 na 3 nene. Kwa hiyo 6902 ni 15 ndani na ni nyembamba: 28 nje, upana 7. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Niliwahi kuuziwa 6202 kwa maneno kwamba "ndani ni 15 vile vile". Kweli ni 15, lakini nje ni 35 na upana 11, ni beringi ya pikipiki hiyo. Haiingii hata kwa maombi. Beba ya zamani mkononi na upime mara tatu kwa venia kalipa, kile kipimio cha milimita chenye taya: ndani, nje, upana.

Herufi za mwisho nazo zina maana. 2RS ni mpira pande zote mbili. ZZ ni kifuniko cha bati, ambacho hakigusi pete ya ndani, kwa hiyo maji na mchanga hupita. Kwa hali yetu ya pwani chukua za mpira tu. Kampuni ya NSK huandika DDU na ya NTN huandika LLU, ni mpira huo huo. Ukikosa kwenye maduka ya spea za baiskeli, nenda kwa wauza beringi za mashine na pikipiki. Wao hawajui baiskeli yako lakini namba wanaijua.

Kufunga ndiko kwenye siri yote. Beringi mpya isukume kwa pete ya nje peke yake. Pete ya ndani usiiguse kwa nguvu hata kidogo. Nyumba ya habu inaishika pete ya nje. Ukigonga ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi kabla ya kufika kule, na kila gololi inachimba kidoti kwenye njia yake. Huoni kitu kwa macho. Gurudumu linazunguka vizuri, unafurahi, unaondoka.

Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza. Nilichukua boksi ndogo (kichwa cha spana ya boksi) iliyokalia pete ya ndani, nikagonga nyundo tatu za nguvu, ikaingia. Wiki ya tatu nilikuwa napanda kwenda Amani kutokea Muheza, nimeshapita Kisiwani, barabara ile ya udongo mwekundu na mvua imetoka kunyesha. Nikaanza kusikia diski inasugua pedi kila mzunguko. Nikadhani ni tope. Nikaosha kwa maji ya kijito, ikaendelea. Nilipoishika rimu ikacheza mkononi kama jino bovu. Nilishuka na baiskeli mabegani hadi nikapata gari la kunirudisha Muheza, na njia nzima nilikuwa nikiziwaza zile nyundo tatu. Beringi zilikuwa mpya, halisi, za bei. Niliziua kabla hazijatembea mita moja.

Tangu siku ile nyundo siitumii kabisa kufungia. Nunua duka la vifaa vya ujenzi kipande cha fito ya uzi (fito ya chuma yenye uzi wa nati) ya milimita 12, nati 2 na washa nene. Beringi itie kwenye friza usiku kucha, habu iwe na joto la maji ya moto na imekaushwa vizuri. Safisha nyumba kwa kitambaa chenye petroli, pakaa utando mwembamba wa grisi. Weka beringi mdomoni mwa nyumba ikiwa sawa kabisa, juu yake weka boksi ambayo mdomo wake unakalia pete ya nje tu, upimie kwenye beringi ya zamani kwanza. Ukikosa boksi, tumia beringi ya zamani yenyewe kama kisukumio, ila isugue msasa kwa nje ili isije ikakwama ndani. Pitisha fito, weka washa pande zote, kaza nati polepole kwa spana. Ikianza kwenda mshazari utaiona, legeza uinyooshe. Ikifika mwisho spana inagoma ghafla. Simama hapo hapo, usiongeze robo.

Ukimaliza upande mmoja, tia ekseli, ndipo ufunge wa pili. Na huu wa pili una ujanja wake: acha kukaza mara tu pete ya ndani inapokutana na bega la ekseli. Ukizidisha unazibana beringi zote mbili kwa ubavu na umerudi kulekule kwa fundi wako. Zungusha ekseli kwa vidole viwili. Ikiwa nzito, igonge kidogo kwenye ncha kwa nyundo ya mpira, kila upande mara moja, itapumua.

Jambo moja linaweza kumpa haki fundi wako. Beringi mpya ikiingia kwa kidole bila upinzani wowote, basi nyumba imepanuka. Kuna gundi maalumu ya kushikilia beringi ambayo inasaidia kama nafasi ni ndogo sana. Kuna wanaozungushia kibati cha kopo la soda au kupiga vidoti kwa ncha ya msumari. Nimeona vyote viwili vikilegea baada ya safari chache, sivipendekezi. Nyumba ikiwa mbaya kiasi hicho, badili habu.

Baada ya kufunga, tembea kilomita 20 hivi za mjini kisha rudia kupima kwa kushika rimu. Ukipita kwenye maji ya bahari, mwagia magurudumu ndoo ya maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, kwa kopo. Usiipeleke kwenye presha ya kuoshea magari, ile inasukuma maji chini ya mpira.

Ukishaing'oa ya zamani, andika hapa namba utakayoikuta na vile vipimo vitatu kabla hujatoa hela. Kama kutu imeila namba, vipimo peke yake vinatosha.