Tunataka kuhama Mombasa tukapange mji mdogo. Mpangaji anachaguaje mji?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tumepanga nyumba ya vyumba viwili hapa Tudor, kodi 32,000 kwa mwezi. Yeye yuko kwenye kazi ya kuondosha mizigo bandarini, na sasa amekubaliwa kwenda kazini siku tatu tu kwa wiki. Mimi naandikia wafanyabiashara hesabu zao nikiwa nyumbani, kwa hivyo nahitaji intaneti mchana kutwa. Hatuna gari, na mtoto bado hatujajaliwa. Tumechoka na foleni, kelele na kununua maji ya mkokoteni. Tumeona nyumba za 25,000 Kilifi, Watamu, Diani na Voi, na kwenye picha zote zinapendeza. Mawaidha tunayopewa ni ya watu wanaotafuta kiwanja wajenge. Sisi ni wapangaji. Tutazame nini? (Msomaji, Tudor)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapo mwisho umegusa penyewe. Anayejenga hutazama ardhi na hati. Mpangaji hana ardhi ya kutazama. Anachotegemea ni zile nyumba nyingine zilizo wazi mjini. Ndiyo maana wateja wangu wanaohama nawauliza swali moja kabla hatujagusa bei: mwenye nyumba akiwaambia mtoke, katika mji huo huo mtapata nyumba ya pili ya namna hiyo ndani ya mwezi mmoja? Kama hamtapata, basi mmechagua nyumba moja tu, na siku mtakayoikosa mtakuwa mmeukosa na mji.

Jibu la swali hilo hulipati kwenye picha. Ulizia wapangaji wa mji huo ni akina nani na wanalipwa na nani. Chukua Kilifi. Ni makao makuu ya kaunti, pana Chuo Kikuu cha Pwani, pana hospitali ya kaunti, na kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome Trust kiko pale tangu 1989. Wauguzi, wahadhiri, makarani na watafiti hupokea mshahara kila mwezi, iwe masika iwe kiangazi. Kwa ajili yao wako watu waliojenga nyumba za vyumba viwili za kupangisha mwaka mzima. Wanafunzi nao wana soko lao la vyumba vya mtu mmoja karibu na chuo, na soko hilo hupanda na kushuka kwa mihula, lakini halitawagusa sana.

Watamu, na Diani ile ya ufuoni, hesabu yake ni ya misimu. Wageni hujaa Julai na Agosti, kisha Desemba hadi Pasaka. Aprili hadi Juni mvua ikishika, hoteli nyingine hufunga kabisa. Mwenye nyumba anayeweza kupangisha kwa usiku mmoja mwezi wa Desemba hawezi kulala usingizi akijua nyumba yake ina mpangaji wa mwezi. Simlaumu, ile ni biashara yake. Lakini kuna mume na mke niliowatafutia nyumba ya ufuoni mwezi wa Septemba, na bado nawakumbuka. Bei ilikuwa nzuri ajabu. Walinunua friji, wakashona pazia za madirisha yote. Wiki ya mwisho ya Novemba wakaambiwa nyumba inatakiwa kabla ya Krismasi. Hapakuwa na maandishi zaidi ya risiti ya dipoziti. Niliwatafutia nyingine siku tisa, na kila mlango niliobisha nilijibiwa kwa bei ya usiku. Wakarudi Bamburi kwa dada yake mke, friji ikabaki barazani kwa mtu. Tangu hapo, nyumba ya ufuoni inayotangazwa kwa bei rahisi nje ya misimu ya wageni naitazama mara mbili, na mpangaji wangu namwambia wazi kwamba huenda ile ni bei ya miezi isiyo na wageni tu.

Ukunda, kule juu kwenye barabara kuu, hakuko hivyo. Wanaokaa pale ni wafanyakazi wa hoteli, walimu na wafanyabiashara, na nyumba za mwaka mzima zipo. Usiuchanganye mji wa Ukunda na ufuo wa Diani kwa sababu tangazo limeandika jina moja.

Sasa tuje kwenye safari za mume wako, kwa maana hapo ndipo pesa zenu zitaponea au zitapotelea. Kodi itapungua kwa shilingi 7,000. Siku tatu kwa wiki ni kama safari 13 kwa mwezi, kwenda na kurudi. Gawanya 7,000 kwa 13, unapata 538. Ongeza kile anachotumia leo kutoka Tudor hadi bandarini na kurudi. Jumla hiyo ndiyo nauli ya siku nzima, matatu pamoja na bodaboda au tuktuk ya mwisho, ambayo ikizidi, mtakuwa mnaishi mji mdogo kwa gharama kubwa kuliko ya Tudor. Na nauli muiulize inayotozwa saa kumi na moja jioni siku ya mvua. Ya saa nne asubuhi haiwasaidii kitu.

Kilifi iko kama kilomita 60 kutoka Mombasa. Hakuna feri tena pale tangu daraja lilipofunguliwa 1991, lakini Mtwapa iko katikati, na anayepita Mtwapa asubuhi anaijua foleni ninayoisema. Ukunda ni karibu zaidi, takriban kilomita 30 kutoka Likoni, na akivuka feri kwa miguu halipi kitu, kisha bandari haiko mbali. Barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini hadi Kibundani, imewapa watu wa kusini njia ya pili, ila inamfaa zaidi mwenye gari. Asiye na gari bado maisha yake yako kwenye feri, na feri ikiharibika saa mbili kasoro asubuhi hana pa kwenda. Voi ni zaidi ya kilomita 150. Watu hunitajia treni. Ile ya vituo vyote, inayosimama Voi, inaondoka Nairobi asubuhi na kufika Miritini mchana, kwa hivyo haimpeleki mtu kazini. Voi ina mengi mazuri: usiku wake hauna jasho la pwani, ni mji wa njia kuu ulio na shughuli, na wapangaji wake ni wa kudumu. Lakini kwa safari tatu kila wiki naiondoa.

Maji. Hapa nakuomba ukae nami kidogo, kwa sababu maji ndiyo yaliyowachosha Tudor na ndiyo yatakayowachosha tena msipokuwa macho. Kilifi na Malindi hunywa maji ya visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, vile vile vinavyoiletea Mombasa sehemu ya maji yake. Pampu za Baricho zinakwenda kwa stima. Stima ikikatika huko, bomba linakauka kwenu mlio mbali. Voi iko kwenye njia ya bomba la maji ya chemchemi za Mzima. Ukanda wa Ukunda na Diani hutegemea sana visima virefu, na kisima kilicho karibu na bahari kinaweza kuvuta chumvi.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mkienda kuona nyumba, ingia na kipande cha sabuni ya kufulia mkobani. Usiulize kama maji ni matamu, maana utaambiwa ni matamu. Fungua bomba la jikoni, uache maji yaende dakika moja, paka sabuni mikononi. Maji ya chumvi hayatoi povu. Sabuni inakatika vipande vyeupe kama maziwa yaliyoharibika na mikono inabaki inanata. Kisha inua macho utazame shawa. Vitundu vikiwa vimezibwa na ukoko mweupe, na shingo ya bomba ina kutu ya kijani, basi hayo ndiyo maji ambayo birika lako, nguo zako na nywele zako zitayapata kila siku. Mwisho panda juu, au mtume mume wako, akasome ukubwa wa tangi na ahesabu ni nyumba ngapi zinachota humo. Mkitumia lita 200 kwa siku nyinyi wawili, tangi la lita 1,000 lenu peke yenu ni siku tano. Likiwa la nyumba nne zenye watu kama nyinyi, halifiki hata siku mbili. Jirani wa chini, yule anayeanika nguo, ndiye wa kuuliza bomba hutoka siku gani. Dalali hajui, na akijua hasemi.

Intaneti ni rahisi zaidi kupima. Keti kwenye chumba utakachofanyia kazi, ufunge mlango, umpigie mtu simu ya video dakika kumi mchana. Uliza kama faiba imefika kwenye jengo lenyewe. Kufika mtaani hakutoshi. Na ulizia stima hukatika mara ngapi, kwani ruta bila stima ni sanduku tu.

Kuna jambo la kisheria ambalo wapangaji wengi wanalielewa vibaya. Watu hudhani Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, itawakinga. Sheria hiyo inashughulikia nyumba za kuishi zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba yenu ya 25,000 iko nje. Kinga yenu ni maandishi yenu, na Sheria ya Ardhi ya 2012. Kifungu cha 57 kinasema hivi kwa ufupi: mkiwa hamkutaja muda, na mnalipa kwa mwezi, upangaji ni wa mwezi kwa mwezi, na notisi haiwezi kupungua mwezi mmoja, tena iishie siku ya kulipa kodi. Mwezi mmoja Tudor unatosha kupata nyumba nyingine. Watamu, mwishoni mwa Novemba, hautoshi.

Kwa hivyo takeni mkataba wa mwaka mmoja kwa maandishi, na notisi iwe miezi miwili kwa kila upande. Kodi isipande ndani ya mwaka. Iandikwe dipoziti itarudishwa ndani ya siku ngapi baada ya kutoka, na bomba likikauka wiki nzima nani analipia lori la maji. Mkataba wa miaka miwili au chini, usio na haki ya kuongeza muda, hausajiliwi kwenye ofisi ya ardhi, basi mwenye nyumba asiwaambie kwamba ni shughuli ndefu. Akikataa kabisa kuandika mwaka, amewajibu swali langu la kwanza: ana mgeni mwingine anayemngojea. Na dipoziti isitumwe kwa simu kabla hamjaingia ndani ya nyumba na kuonana na mwenyewe au wakala aliyesajiliwa. Wekeni pia akiba, kwa maana 50,000 za dipoziti na kodi ya kwanza zitatakiwa kabla dipoziti ya Tudor haijarudi.

Mkiniuliza mimi, ni Kilifi kwanza, Ukunda ya pili. Najua Ukunda ni karibu na bandari. Lakini mume wako atakuwa barabarani siku tatu. Wewe utakuwa ndani ya mji huo siku saba, ukifanya kazi, ukinunua samaki, ukitafuta daktari. Mji uwe mzuri kwa anayekaa. Na Kilifi, ikitokea mtolewe, nyumba ya pili ipo.

Anzeni kutafuta upande wa Mnarani, kusini ya daraja, kwa sababu matatu za Mombasa hupita pale na mume wako hataingia mjini kwanza ndipo atoke. Mkikosa, tazameni karibu na Kibaoni. Bofa ni pazuri na pana upepo, lakini ni kando ya bahari, na yale ya Watamu yanaweza kuwapata hapo pia.

Kabla ya kulipa chochote, nendeni mkalale Kilifi kuanzia Jumapili hadi Jumatano, chumba cha kawaida mjini. Jumatatu mume wako aondoke kwenda kazini kana kwamba tayari mnaishi pale, aandike saa aliyotoka, saa aliyofika, na kila shilingi aliyotoa. Jumanne vivyo hivyo. Wewe ufungue kompyuta yako ufanye kazi ya kweli ya mteja wa kweli. Kama mnaweza, iwe Mei, masika yakiwa yamekolea, mjue maji yanasimama wapi na barabara gani inageuka tope. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliikata barabara ya Kilifi kwenda Malindi pale Mbogolo. Hilo si upande wenu wa kwenda kazini, lakini linaonyesha mvua ya huku hufanya nini.

Nyumba ya Tudor msiitolee notisi mpaka mkataba wa Kilifi uwe umetiwa sahihi na funguo ziko mkononi. Na mume wako akipunguziwa siku za kazi zikawa moja kwa wiki, niandikie tena, kwa sababu hapo safari 13 zinakuwa nne au tano, na Voi nitairudisha kwenye hesabu.