Fomula Haikaririwi: VAT Iliyogeuka Sifuri na Kozi za Wiki Mbili

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa diploma ya usimamizi wa biashara hapa Nairobi, na ninaishi Kayole. Katika somo la matumizi ya tarakilishi tulipewa orodha ya bidhaa za duka na bei zake, tukatakiwa kukokotoa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya kila bidhaa kwa Excel, programu ya majedwali ya hesabu (lahajedwali). Niliandika kiwango cha asilimia 16 katika seli E1, kisha fomula =B2*E1 katika C2. Jibu la kwanza lilikuwa sahihi, lakini nilipoiburuta fomula kwenda chini, bidhaa nyingine zote zilionyesha sifuri. Fomula zote nimezikariri. Rafiki yangu ananishauri nilipie kozi ya wiki mbili ya pakeji (programu za tarakilishi kama Excel) mjini, ambako mtu hupewa cheti na kijitabu cha fomula. Je, itanifaa?

JIBU: Hilo la sifuri ni jepesi, kwa hivyo nilimalize kwanza. Fomula uliyoiandika katika C2 haikuiagiza Excel itumie E1 daima. Iliiagiza izidishe seli iliyo kushoto kwake kwa seli iliyo safu wima mbili kulia na mstari mmoja juu. Ulipoiburuta hadi C3 umbali huo ulibaki vilevile, fomula ikawa =B3*E2, na kwa kuwa E2 haina kitu, ikahesabiwa kuwa sifuri. Andika =B2*$E$1, au weka kishale kwenye E1 ndani ya fomula na ubonyeze F4, kisha uburute upya. Alama za dola huifunga seli mahali pake.

Kilichonifanya nikujibu kwa urefu ni ile sentensi yako kwamba fomula zote umezikariri. Ninaisikia kila muhula, tena kutoka kwa wanafunzi wenye bidii, na sijui imani nyingine inayowaharibia somo hili zaidi kuliko hiyo. Fomula ni hesabu ambayo mwandishi wake anaielewa tayari, akaiandika kwa namna ambayo mashine inaweza kuifuata. Asiyeielewa hesabu yenyewe hana cha kuandika, hata akikariri fomula mia moja.

Chukua VAT hiyohiyo. Tuseme muuza duka amekupa stakabadhi ya shilingi 1,160, bei ikiwa tayari imejumuisha kodi, naye anataka kujua kodi ni kiasi gani. Wengi wa wanaokariri huzidisha 1,160 kwa asilimia 16 na kupata 185.60. Excel haitalalamika, wala seli haitageuka nyekundu. Jibu sahihi ni 160, kwa sababu bei yenye kodi ni sehemu 116 na kodi ni 16 kati ya hizo, kwa hivyo unazidisha kwa 16 na kugawanya kwa 116. Hakuna kitufe kitakachokueleza kama bei uliyopewa ina kodi ndani yake au haina. Hilo ni jambo la biashara, na ni wewe unayepaswa kulijua kabla ya kuigusa kibodi.

Kuna jambo ulilolifanya vizuri, na inawezekana hukujua thamani yake: ulikiweka kiwango cha kodi katika seli yake yenyewe. Wanafunzi wengi huandika =B2*0.16 na kwa njia hiyo huikwepa kabisa shida iliyokupata, kisha hujiona wajanja. Tarehe 1 Aprili 2020 serikali ya Kenya ilipunguza VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikairejesha 16. Karani aliyekuwa ameiandika 0.16 ndani ya kila fomula alilazimika kuzibadilisha fomula zote, mara mbili katika muda wa miezi tisa, na aliyeisahau seli moja tu alitoza kodi isiyo sahihi. Mwenye kiwango katika seli moja alibadilisha nambari moja. Hata hivyo naye alipaswa kuwa macho, kwa kuwa kubadilisha E1 hubadilisha pia ankara za Machi ambazo kodi yake ilikuwa bado 16. Ndiyo maana kitabu cha mauzo kilichopangwa vyema huwa na kiwango cha kodi kando ya tarehe ya kila mauzo. Mpangilio huo haumo katika vijitabu vya fomula. Huzaliwa na mtu kuifikiria biashara kwanza.

Makosa yanayoniogopesha ni yale yasiyoonekana. Sifuri zako zilijitangaza zenyewe, ukajua kuna kasoro. Lakini ukinakili kiasi cha fedha kutoka kwenye taarifa ya benki kikaingia kama maandishi badala ya nambari, SUM, fomula ya kujumlisha, itakiruka bila kukuonya, na jumla itakuwa pungufu huku ikionekana safi kabisa. Ukitumia VLOOKUP kutafuta bei ya bidhaa na ukaacha kuandika FALSE mwishoni, Excel hudhani kwamba orodha yako imepangwa kwa utaratibu wa kupanda na hutafuta jibu la kukaribia; kama haikupangwa, unaweza kupewa bei ya bidhaa nyingine kabisa.

Mambo haya hayawapati wanafunzi peke yao. Mwaka 2010 wanauchumi wawili wenye sifa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha utafiti kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, nao ukanukuliwa sana na wanasiasa waliokuwa wakitetea kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, Thomas Herndon, aliifungua lahajedwali yao na kukuta, pamoja na kasoro nyingine, kwamba fomula ya wastani ilikuwa imeziacha nchi tano nje. Aliyeligundua kosa hilo alikuwa mwanafunzi aliyezirudia hesabu mwenyewe badala ya kuliamini jibu kwa kuwa limetoka kwenye tarakilishi.

Kuhusu kozi ya wiki mbili, usiilipie. Katikati ya jiji letu kuna vyumba vingi vilivyobandikwa matangazo ya pakeji, na wateja wao wakubwa ni vijana waliomaliza kidato cha nne ambao wazazi wao wamejinyima ili wapate ujuzi. Humo kijana huonyeshwa mahali pa kubonyeza, akarudia alichoonyeshwa kwa faili iliyokwisha kuandaliwa, kisha akapewa karatasi yenye mhuri. Akifika kazini akawekewa ukurasa mtupu na rundo la stakabadhi, hajui aanzie wapi. Wabaya zaidi ni wale wa saiba (maduka ya intaneti) wanaomfanyia mwanafunzi kazi ya chuo kwa malipo. Wanamuuzia alama na kumnyima mazoezi ambayo ndiyo somo lenyewe. Siwezi kuiita biashara hiyo kwa jina lolote isipokuwa wizi.

Wewe tayari uko chuoni na una mwalimu wa kumuuliza. Fanya kazi hii wiki hii: chukua stakabadhi kumi za nyumbani, kokotoa VAT yake kwa kalamu na karatasi, ndipo uzipange katika lahajedwali tupu na ulinganishe majibu. Yasipolingana, usiendelee mbele mpaka umejua ni kwa nini.

Na kama rafiki yako bado anataka kujiunga na taasisi ya mjini, kwanza aulize kama imesajiliwa na TVETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya kiufundi iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013, na aonyeshwe hati yenyewe. Pili, aombe kuona mtihani wa mwisho wa kozi hiyo. Akikuta watahiniwa hupewa faili iliyojazwa na orodha ya hatua za kufuata, aondoke na pesa zake.