Ngozi za pomboo jangwani?

Swali: Kutoka 25:5 inataja "ngozi za pomboo" za kufunikia hema takatifu la Waisraeli jangwani. Sisi wa Pwani tunamjua pomboo wa baharini. Kuna mwingine wa nchi kavu? Na wibari wa Mithali 30:26, walio dhaifu lakini hujitengenezea nyumba miambani, ni nani?

Jibu: Pomboo wa nchi kavu hayupo. Watafsiri wa Kiswahili walimaanisha huyo huyo anayeongozana na mashua. Utata umo kwenye Kiebrania: neno lake ni tahashi, na maana yake ilipotea zamani sana. Wayahudi wa Aleksandria, Misri, waliotafsiri Torati kwa Kiyunani katika karne ya 3 KK hawakuweka mnyama yeyote, waliweka rangi, buluu ya zambarau. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, Rabi Meir anasema alikuwa kiumbe wa pembe moja aliyeonekana zama za Musa tu. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ikaweka mnyama wa jamaa ya nyegere.

Hoja ya pomboo inatokana na Kiarabu, ambako tukhas ni pomboo. Wengine humtaja nguva wa Bahari ya Shamu, kwa kuwa ngozi yake nene inafaa kwa makubazi, na Ezekieli 16:10 inazungumzia viatu vya ngozi hiyo hiyo.

Mimi sikubaliani nao. Walawi 11 inasema kiumbe wa majini asiye na mapezi na magamba ni machukizo. Pomboo hana magamba, nguva hana. Vipi ngozi yao ifunike mahali patakatifu? Isitoshe, tahashi hatumwoni popote akiwindwa, akiliwa wala akikimbia. Kila anapotajwa ni ngozi tu. Kiakadi nacho, lugha ya kale ya Mesopotamia, kina neno dushu, linalotumika kwa ngozi iliyotiwa rangi, na hapo wale wa Aleksandria wanaonekana hawakuwa mbali. Kwa hiyo naamini tahashi ni aina ya ngozi iliyotengenezwa vizuri, wala si jina la mnyama. Ukifundisha, soma "pomboo" kama ilivyoandikwa, kisha ueleze hivyo.

Wibari hana utata. Ni pimbi, na jina limetoka Kiarabu, wabr. Kiebrania humwita shafani, na mpaka leo yupo kwenye majabali ya En-gedi, kando ya Bahari ya Chumvi. Waingereza wa 1611, ambao kwao hayupo, walimfanya sungura. Aliyewahi kuwaona pimbi wakiota jua juu ya mawe ya Serengeti, kisha wakatumbukia mianyani kivuli cha tai kilipopita, anauelewa mstari ule bila kufafanuliwa.