Fundi cherehani, kiuno na yoga

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 44 na natumia dawa za presha. Kiuno kinaniuma tangu mwaka jana, eksirei haikuonyesha kitu. Usiku silali, moyo unanienda mbio nikiwaza ada na kodi ya fremu. Mteja wangu ananishauri nijaribu yoga ya tiba, lakini mama anasema hiyo ni ibada ya Wahindi, nitatoka kwenye dini. Ni kweli? Na nikianza, niache dawa? – F., Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari: dawa za presha usiache. Wala usisimamie kichwa kama wale vijana wa kwenye simu, wala usibane pumzi. Mwenye presha vyote viwili havimfai.

Yoga ya tiba si kupeleka mguu nyuma ya shingo. Mwalimu anayeijua hukuuliza unaumwa wapi, unakaaje kazini, unalalaje, kisha anakupangia mazoezi yako wewe. Mwalimu wa yoga, Swami Kuvalayananda, alianzisha kituo cha Kaivalyadhama kule Lonavla, India, mwaka 1924, akawa anawapima watu kwa vyombo vya kisayansi wakiwa kwenye mazoezi. Na kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu, mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, kiliitaja yoga kati ya njia za kujaribu kabla ya vidonge. Nafuu yenyewe si kubwa sana na huja polepole, sikufichi.

Miaka yangu ya kutibu watu kwa mazoezi ya viungo hospitalini, mafundi cherehani niliwatambua kabla hawajafungua mdomo: shingo mbele, mgongo umepinda. Kiti chako kikoje? Anzia hapo. Kipandishe mpaka magoti yasizidi nyonga kwa juu. Kila ukimaliza nguo moja, simama, shika ukingo wa meza, rudi hatua nyuma na kuinama mpaka mgongo unyooke.

Jioni tandika mkeka, piga magoti na viganja chini. Vuta pumzi huku unaushusha mgongo, itoe huku unaupandisha kama paka aliyeamka. Kisha lala chali, miguu juu ya kiti, kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, dakika kumi hivi. Tunapotoa pumzi moyo hupunguza mwendo, ndiyo maana ya hiyo sita. Kodi itabaki palepale, ila utaiwaza mwili ukiwa umelegea, na hapo usingizi hupata nafasi.

Mama usimpuuze. Yoga ilikulia ndani ya dini za India, na wapo walimu wanaoimba mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, hadi leo. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye mantra na ibada. Haya niliyokupa hayana neno hata moja la kutamka. Mwite mama atazame, na akiwa bado na shaka, muulizeni shehe wenu. Ukipata mwalimu, mwambie mapema kwamba mantra hutaki. Akikasirika, tafuta mwingine.

Ila mguu ukifa ganzi au ukikosa nguvu, au ukashindwa kuzuia mkojo, usiniandikie mimi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.