Barua kwa mwanangu kuhusu nyumba ya Bournville

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Sisi huku hatujambo, ila goti langu hunisumbua nikipanda ngazi. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Unaniuliza kama wewe na mume wako mnunue ile nyumba mliyoiona Bournville, huko Birmingham, Uingereza, karibu na mtaa tuliokulea, au kama bei yake ni ya kulipia jina na ua wa miti ulioko mbele. Nitakujibu, lakini niruhusu kwanza nikueleze kwa nini ua huo ungali pale hadi leo, maana bila hilo jibu langu halitakuwa na maana.

Unajua kwamba George Cadbury na ndugu yake Richard walikihamisha kiwanda chao cha chokoleti kutoka katikati ya Birmingham mwaka 1879, wakakipeleka mashambani penye hewa safi. Hilo mlifundishwa shuleni hadi mkalichoka. Ambalo hamkufundishwa vizuri ni kilichofuata. George, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwafundisha watu wazima kusoma kila Jumapili, na akajionea vichochoro walimoishi, alinunua ardhi kandokando ya kiwanda mwaka 1893, na miaka miwili baadaye akaanza kujenga nyumba zilizochorwa na kijana mmoja msanifu, William Alexander Harvey. Nyumba haikuruhusiwa kuchukua zaidi ya robo ya kiwanja chake. Sehemu iliyobaki ilikuwa bustani, na mwishoni mwa bustani mpangaji alikuta miti ya matunda imekwisha kupandwa. Wala hazikuwa za wafanyakazi wake peke yao.

Nyumba za kwanza aliwauzia watu kwa gharama ya kuzijenga, kwa ukodishaji wa ardhi wa miaka 999, hesabu ambayo sisi wa Kenya tunaikumbuka kutokana na mashamba ya walowezi. Basi baadhi ya wanunuzi wakafanya nini? Wakaziuza kwa faida kubwa. Mtu amekupa kitu kwa bei ya huruma, nawe unakipeleka sokoni! George alipoliona hilo hakuhubiri. Mwaka 1900 aliitoa mali yote, nyumba 313 na ardhi yake, akaikabidhi kwa wadhamini, ndiyo hiyo Bournville Village Trust, na baada ya hapo yeye wala watoto wake hawakuwa na haki ya kuchukua faida yake. Mimi naiita wakfu, na umenisikia nikisema tangu ungali mdogo: kisichowekwa wakfu huliwa. Tazama kiwanda chenyewe, mwaka 2010 kilinunuliwa na kampuni ya vyakula ya Kraft ya Marekani, na wenye hisa wakagawana fedha zao. Kijiji hakikununuliwa, kwa sababu hakikuwa na wa kukiuza.

Bibi yako, Mungu amrehemu, hakujali habari za wadhamini. Lililomfurahisha ni kwamba kijiji hakina baa hata moja, kwa kuwa akina Cadbury walikuwa Friends, yaani Quakers, watu wa imani moja na wale wa Kaimosi, na pombe hawakuitaka. Alipokuja kututembelea alimweleza kila aliyemkuta kituo cha basi kwamba mwanawe anaishi mahali pa watu wenye adabu, ingawa sikumwambia kwamba mwendo mfupi tu, Stirchley, baa zilikuwa zimejaa. Mwaka 2007 duka kubwa moja lilipoomba kuuza pombe, wakazi walilipinga na wakashinda. Mwaka 2015 duka dogo likaomba na likakubaliwa, na sijasikia kwamba kijiji kimeanguka. Hapo napo najiuliza kama sharti lilikuwa linawalinda watu au linajilinda lenyewe.

Sasa nikufikishe kwenye ua. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Marehemu baba yako aliona kwamba jua lote linaangukia mbele ya nyumba, nasi nyuma tulikuwa na kivuli, basi akaamua kuukata ule ua ili apande sukuma wiki. Alinunua msumeno mpya. Alikuwa amekwisha kukata kipande kama cha urefu wa mlango, utomvu umemganda mikononi, pale mzee wa ng'ambo ya barabara, aliyestaafu kutoka kiwandani, alipovuka akiwa na viatu vya nyumbani, akasimama nje ya lango letu, akasema kwa utaratibu, "Ua huo si wako." Hakuongeza neno. Baba yako alimshukuru, akaufuta msumeno kwa kitambaa, akauweka stoo, na sukuma wiki tukaendelea kununua sokoni. Pengo tulilijaza kwa miche, lakini kwa muda mrefu lilionekana kama jino la mtoto lililong'oka, na kila aliyepita alilitazama.

Maneno yale yaliniuma, na yananiuma bado. Nyumba tulikuwa tukiilipia kila mwezi kwa jasho la zamu za usiku, halafu mtu anasimama langoni kutuambia kipi si chetu. Baba yako alicheka, akasema mzee amesema kweli, hata sisi tulitia sahihi masharti. Ni kweli, tulitia sahihi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1967 iliwawezesha wenye nyumba kununua ardhi iliyo chini ya nyumba zao, lakini hapo Bournville masharti ya wadhamini yalihifadhiwa, kwa hiyo mlango, dirisha la mbele na ua havibadilishwi bila kibali. Na mwaka uliofuata nilimsikia mzee yule yule akimwambia jirani Mwingereza maneno yale yale kuhusu mti. Yale yale kabisa. Ila kwa jirani aliongeza jina la huyo jirani, tena akatabasamu. Tangu siku hiyo nimebishana na nafsi yangu: je, alitutetea sote dhidi yetu wenyewe, au alitukumbusha tulikotoka? Huenda yote mawili yalikuwemo katika sentensi moja.

Na kabla hujaniambia kwamba mama yako amewapenda mno wale watu, najua kakao ilitoka wapi. Wakati miti ya matunda ikipandwa Bournville, kampuni ilikuwa ikinunua kakao ya kisiwa cha São Tomé iliyolimwa na watu waliochukuliwa Angola na kufanyishwa kazi kwa nguvu. Habari ziliifikia mwaka 1901, nayo ikaacha kununua mwaka 1909. Gazeti lililoandika juu ya jambo hilo lilishtakiwa na kampuni, na baraza la wazee wa mahakama likaipa kampuni ushindi pamoja na fidia ya farthing moja, yaani robo ya peni. Wazee wale walijua kupima. Hata hivyo, wakfu ni wakfu, na kisichowekwa wakfu huliwa. Uzuri wa ile mitaa ninausifu, na jasho la Angola silisahau.

Kuhusu kununua, nisingependa kuamua kwa niaba yenu, ingawa ulimi unaniwasha. Ombeni kwanza hati ya masharti, msome kila ukurasa, na muulize ada ya usimamizi ya kila mwaka ni kiasi gani. Angalieni jua linapiga upande gani. Mume wako, anayetaka kuweka gari mbele ya nyumba, aambiwe mapema kwamba kibali huombwa kwa barua na kinaweza kukataliwa, na kama hilo litamkera basi tafuteni nyumba Stirchley, bei ni nafuu. Wewe mwenyewe nadhani utazoea. Lakini sijasema mnunue.

Wabusu watoto.

Mama yako