Gari letu sote, mbona analishika yeye tu?

SWALI: Shangazi shikamoo. Sisi twaishi Likoni, Mombasa, mume wangu kazi yake iko mjini karibu na Posta, mimi niko Bamburi shifti ya alfajiri. Gari tulinunua pamoja lakini kila siku analo yeye, mimi navuka feri kwa miguu kungali giza halafu nianze kusaka matatu, na Jumapili nikitaka kulala aniambia twende Ukunda kwa mamake. Nimechoka jamani.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo waonewa wallahi. Feri ya Likoni mwenda kwa miguu halipi, mwenye gari analipa na foleni juu, sasa mtu wa kushuka hapo mjini tu gari la nini, avuke apande tuktuk afike zake, lakini wewe wa kwenda hadi Bamburi gizani ndiye wa kulihitaji, hata kwa usalama wako. Mwambie akiwa ameshakula ametulia, si asubuhi anatafuta funguo. Mafuta changieni. Na Ukunda aende na watoto, mamamkwe mpigie simu umsalimie, wewe lala.